Hatua ya Kumi na Tatu

Nina karatasi moja ambayo kila nikiitazama natamani kuitafuna. Si ya mahakama wala ya hospitali. Ni kumbukumbu ya mchezo wa sataranji niliopoteza mwaka jana, fainali, mbele ya ukumbi mzima, na aliyenifunga ni wifi yangu, dada wa mume wangu, tumbo moja. Kushoto zimeandikwa hatua zake, kulia hatua zangu, na chini kabisa zimekaa sahihi zetu mbili kama cheti cha ndoa. Hatua kumi na nane tu. Wenzangu hupoteza baada ya hatua sitini, wakapewa pole na maji ya kunywa. Mimi nilimlaza mfalme wangu kabla watu wa nyuma hawajapata viti.

Kazi yangu ni ufundi wa meno bandia. Karakana yangu ni chumba kimoja nyuma ya kliniki: meza ndefu, taa ya kuinamisha, mashine ya kusugulia inayolia kama nyigu, na rafu ya taya za plasta zenye namba za wenyewe. Katikati ya taya hizo nilikuwa nimeweka ubao mdogo wa sumaku. Wiki tatu mfululizo, kila plasta ilipokuwa inakauka, nilirudia mchezo ule kuanzia hatua ya kwanza. Mkono huu unaopanga meno kumi na manne kwenye nta bila kutetemeka ulikuwa ukifika hatua ya kumi na nne unaanza kugonga meza.

Haikuwa kujitesa kwa kupenda. Klabu yetu ina desturi yake, tunaiita kupasua maiti. Aliyepoteza fainali, kama anataka kukaa tena meza ya kwanza msimu ukianza, sharti asimame Ijumaa jioni mbele ya wanachama wote, aweke mchezo wake kwenye ubao mkubwa wa ukutani, na ajibu maswali mawili ya Nahodha. Ulikosea wapi? Kwa nini? Ukijibu vizuri, kiti ni chako. Ukibabaika, anapewa aliyekufunga, nawe unakwenda kukaa meza ya tatu na wale wanaocheza huku wanatafuna karanga. Meza ya kwanza nimekaa miaka tisa. Ijumaa yangu ilikuwa wiki hiyohiyo, na mimi maiti nilikuwa naye, kisu nilikuwa nacho, ila kidonda sikukiona.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Wengi walisema kosa ni ufunguzi, yaani zile hatua za mwanzo. Ufunguzi wangu alinifundisha baba, fundi wa simu mstaafu, aliyeupa jina yeye mwenyewe: Mlango wa Uani. Unamwachia mwenzako uwanja wote wa mbele, ajitanue anavyotaka, nawe unajibanza nyuma, unapanga vyombo vyako taratibu, halafu unamtokea alikokusahau. Nahodha, mwalimu wa hesabu ambaye hata kustaafu hakujampunguzia chaki mfukoni, aliniambia wazi, "Dada, huo si ufunguzi, huo ni maficho. Utupe." Nikamwambia nitautupa siku atakayonionyesha tundu lake. Hakunionyesha. Na mimi nilikuwa nimejiapiza hivi: nikiliona tundu mwenyewe, nitasimama Ijumaa niseme Mlango wa Uani umekufa, hata kama baba atakuwa amekaa kiti cha mbele.

Sasa tazama uchungu wangu. Tundu halikuwepo. Hatua kumi na mbili za kwanza, kila kete yangu ilikuwa mahali pake. Hatua ya kumi na tatu, karatasi inasema nilisogeza ngome kando kidogo, kutoka ubavuni mwa mfalme. Hatua nzuri, tulivu, ya mtu mzima. Baada ya hapo wifi alimtupa askofu wake mzima mbele ya mfalme wangu, bure kabisa. Nikamla. Malkia wake akaja mbio. Na hapo, jamani, hata mtoto wa chekechea angeona la kufanya. Ngome ikishaondoka, pale ilipokuwa pamebaki nafasi wazi. Askofu wangu anarudi nyuma hatua moja, anakaa pale, na malkia wake anafukuzwa kama kuku jikoni. Mchezo umekwisha, nimeshinda, namzidi kwa askofu mzima.

Karatasi inasema sikurudi nyuma. Karatasi inasema nilisogeza askari wa pembeni kabisa, kule mbali, kama mtu anayefagia uwanja nyumba ikiungua. Hatua mbili baadaye nikakubali kushindwa.

Yaani nilikubali kushindwa katika mchezo nilioshinda. Kwa nini? Ningesimama mbele ya watu niseme nini? Kilichoniumiza zaidi ni kwamba kichwa changu kilikuwa kinakumbuka kingine. Nilikuwa namkumbuka mfalme wangu akiwa uchi, hana hata askari mmoja mlangoni. Lakini kwenye karatasi askari mmoja yupo, amesimama palepale, na nafasi nyuma ipo. Kumbukumbu ya binadamu ni kitu cha kuungaunga, karatasi imetiwa sahihi na wawili. Nikaiamini karatasi, nikajiona mjinga. Na miezi kumi na moja, kila mahali nilipopata nafasi, nilikuwa nimewaambia watu kwamba wifi alibahatisha tu, kwamba shambulio lake lilikuwa kelele na mimi nilishtuka. Nilikuwa na ushahidi, si karatasi hii hapa?

Mume wangu ni fundi wa friji, mtu mpole, na upole wake wakati mwingine unanitia hasira kuliko ukorofi wa wengine. Jumanne nilimwekea ubao mbele ya sahani yake.

"Tazama hapa. Mtu mwenye akili timamu anaweza kuacha kurudisha huyu askofu?"

"Mimi hata majina ya hivi vitu siyajui, mke wangu."

"Si lazima ujue majina. Tazama tu."

Akatazama kwa heshima, kama anavyotazama friji ya mtu isiyotengenezeka. "Si ungemuuliza tu dada? Alikuwepo pale."

"Nimuulize yeye nini?"

"Kilichotokea. Kuuliza si ujinga."

"Nikamwambie wifi, naomba unieleze ulivyonifunga?"

"Basi mimi simo," akasema, akavuta sahani yake kutoka chini ya ngome yangu. Kati yangu na dada yake, mume wangu hajawahi kuwamo tangu siku ya harusi.

Baba naye alikuwa akipiga simu kila siku saa sita mchana, saa ambayo anajua nina mdomo wa mtu mkononi.

"Umeliona?"

"Bado, baba."

"Hutaliona kwenye ufunguzi. Ufunguzi hauna kosa, mama. Nimeucheza miaka arobaini."

"Ndiyo, baba."

"Kosa ni wewe kuharakisha. Nilikuambia nini tangu ukiwa mdogo? Andika kwanza. Kisha inua macho, yapumzishe. Ndipo usogeze."

"Ndivyo ninavyofanya, baba."

"Siku ile hukufanya."

"Nilifanya!"

"Usinipigie kelele, mimi si wifi yako."

Nikaomba radhi. Ni kweli alinifundisha hivyo. Nilipokuwa mtoto nilikuwa na mkono mwepesi, nasogeza kabla sijafikiri, na pale klabu hadi leo wananiita Kiberiti. Dawa ya baba ilikuwa karatasi: andika hatua unayotaka, tazama pembeni, pumua, halafu ucheze. Siku hizi sheria hazipendi mtu aandike kabla ya kucheza, lakini mazoea yana tabu, na mwamuzi wetu ana macho mabovu. Jambo jingine alilonifundisha ni kuandika kwa ufupi, jina la kete na mahali inapotua, basi. Imekula, haijakula, hatuandiki. Alisema ni kupoteza wino.

Jumatano hasira iliniingilia kazini. Nilikuwa napanga seti ya juu ya mteja mmoja, mama mtu mzima aliyesubiri meno yale kwa ajili ya sherehe ya mjukuu wake. Jicho moja liko kwenye nta, jingine kwenye ubao wa sumaku. Nilipomaliza nikaona tabasamu lina kitu. Chonge la kulia nilikuwa nimeliweka kushoto, na la kushoto kulia. Miaka kumi na minane ya kazi sijawahi kufanya kosa hilo. Nikaitazama ile taya, nayo ikanitazama kwa tabasamu lake la ovyo, nikachukua ubao wa sumaku nikaurusha. Kete zikatawanyika hadi chini ya mashine. Daktari akachungulia mlangoni akauliza kama kuna kilichoanguka. Nikamwambia ni mfalme. Akafunga mlango polepole.

Niliyeyusha nta, nikayatoa meno yote, nikaanza upya. Nilipomaliza nilikuwa nimechoka hata kiburi. Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, nikaenda kwa wifi.

Wifi anapima ardhi. Ofisi yake imejaa ramani zilizokunjwa ndani ya mabomba ya plastiki na vyombo vya kupimia vyenye miguu mitatu vimeegemezwa ukutani. Yeye ni mtu ambaye hajawahi kupoteza hata kifuniko cha kalamu. Alikuwa anakula embe kwa kisu, vipande vilivyolingana.

"Wifi! Leo jua limetokea wapi?" akasema. "Au kaka yangu amekufukuza?"

"Akinifukuza nani atamfulia? Wewe?"

"Mimi nilishamfulia ujana wake wote, zamu yako. Kaa. Chukua embe."

Nikachukua embe ili mdomo uwe na kazi. Kisha nikasema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu, "Naomba kuona karatasi yako ya mchezo ule."

Hakucheka. Ningependa angecheka. Aliinuka, akafungua kabati la chuma, akatoa faili la buluu, na ndani yake karatasi zimepangwa kwa tarehe. Akanipa moja. Mwandiko wake ni ule wa kwenye ramani, kila herufi imesimama wima.

Nilishuka na kidole. Hatua ya kumi, sawa. Kumi na moja, sawa. Kumi na mbili, sawa. Kumi na tatu, upande wangu, aliandika: askari, h sita, ule mraba wa mlangoni kwa mfalme wangu.

"Hapa umekosea," nikasema.

"Wapi?"

"Kumi na tatu. Nilisogeza ngome."

"Hukusogeza ngome, wifi. Ulisogeza askari wa mbele ya mfalme. Ndiyo maana nikamtupa askofu. Nilimla yule askari."

"Mimi niliandika ngome."

"Uliloandika silijui. Nilitia sahihi bila kusoma, nawe pia. Najua nilichokiona mezani."

Nikatoa karatasi yangu. Nikaiweka kando ya yake. Nikaomba ubao, akaniletea, nikapanga mchezo kwa karatasi yake. Askari anasogea. Askofu wake anamla. Namla askofu, malkia wake anakuja. Nikatafuta ile nafasi ya kurudisha askofu wangu, na pale ilikaa ngome yangu, imejaa, haijawahi kutoka. Na mfalme wangu yuko uchi, kama nilivyomkumbuka. Yule askari wa pembeni sikumsogeza kwa ujinga. Nilimsogeza kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya duniani.

Hatua nyingine zote zililingana, ndiyo maana karatasi yangu haikunishtua. Niliandika askofu, h sita. Alikuwa amekula au ametua patupu, mwandiko wangu haukusema. Kwa muda wote ule nilikuwa nachambua mchezo ambao haukuchezwa na mtu yeyote.

Wifi aliitazama karatasi yangu kwa muda mrefu. Akagusa neno ngome kwa ncha ya kisu cha embe.

"Hii ingeniua," akasema. "Ningecheza nini hapa? Sina shambulio, sina kitu." Akaniangalia. "Uliiona, ukaiandika, halafu ukaiacha?"

"Nilibadili mawazo."

"Nani alikubadilisha?"

Palepale ilinijia. Niliandika ngome. Nikainua macho niyapumzishe, kama nilivyofundishwa. Safu ya tatu, upande wa dirisha, baba alikuwa amekaa na kofia yake gotini, na alikuwa anatikisa kichwa. Polepole, kushoto, kulia. Sikufikiri hata kidogo. Moyo uliniambia anaikataa ngome. Nikarudisha macho, nikamsogeza askari, nikapiga saa, na karatasi nikaisahau.

"Wifi," nikasema, "nimekuwa nikikusema vibaya mwaka mzima."

"Najua. Mengine yananifikia kabla hujamaliza kuyasema."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilishinda. Mshindi anapiga kelele za nini?" Akakata kipande kingine cha embe, akakiangalia. "Lakini iliniuma. Si utani, iliniuma."

Nikamwomba radhi, safari hii bila mzaha. Akasema amesikia. Hakusema yameisha, na sikuwa na haki ya kumwomba aseme.

Usiulize nilivyolala. Maswali ya Nahodha ni mawili, na sasa nilikuwa na jibu la kila moja. Wapi? Hatua ya kumi na tatu. Kwa nini? Hapo ndipo palinikaba. Mchezaji kuchukua hatua kutoka kwa mtazamaji ni kosa, hata akiwa baba yake, hata ikiwa hatua mbovu. Ningeweza kusema sikujiamini, wote wangeitikia kwa vichwa, ningepata kiti changu. Lakini nilikuwa nimewadanganya watu miezi kumi na moja bila kujua. Kuwadanganya tena kwa kujua kulinishinda.

Ijumaa saa kumi na moja ukumbi ulikuwa umejaa. Maiti wa Kiberiti hakuna aliyetaka kumkosa. Ubao wa ukutani ni wa kitambaa kizito, una mifuko myembamba, na kete ni za kadibodi. Baba alikuwa mstari wa mbele kabisa, kofia gotini. Wifi alikaa nyuma, karibu na mlango. Mume wangu alisimama katikati yao, kwa usalama.

Nikacheza hatua kumi na mbili. "Mlango wa Uani," nikasema, "hauna kosa hapa." Baba akageuka kuwaangalia watu kama aliyezaa pacha. Kisha nikaeleza karatasi mbili, ngome iliyoandikwa na askari aliyechezwa. Minong'ono ikapita. Nikasema wifi hakubahatisha, alinifunga kihalali, na yote niliyoyasema juu yake nayafuta. Mtu mmoja nyuma akasema, "Asiyekubali kushindwa si mshindani," watu wakacheka, nikavumilia.

Nahodha akagonga meza kwa chaki. "Wapi, tumepaona. Kwa nini?"

"Niliinua kichwa nikamwona baba anatikisa kichwa. Nikadhani ananikataza. Nikabadilisha."

Baba aliinuka taratibu.

"Mimi?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi nilikuwa nakataa chai!" Akawageukia watu. "Yule bwana wa birika alinijia mara tatu! Nilimwambia sitaki, sitaki, bado ananiwekea kikombe! Hata miwani sikuwa nayo, ubao ningeuonea wapi?"

Kicheko kilichozuka pale nadhani kilisikika barabarani. Hata Nahodha aliinamisha uso kwenye daftari. Mimi nilisimama na askari wa kadibodi mkononi, nikiwaza wiki tatu za ubao wa sumaku, meno ya mama wa watu, na ndugu wa mume wangu niliyemvunjia heshima. Yote kwa kikombe cha chai. Nilitamani kulia na kumrushia mtu kitu, sikujua kipi kianze.

"Kumtazama mtazamaji akupe hatua ni kosa," Nahodha akasema alipopata sauti. "Lakini hakukupa kitu, na adhabu umeshaila mwenyewe. Nimeridhika. Kiti—"

"Subiri kwanza," baba akasema. Alikuwa ameshavaa miwani, na alikuwa anaukaribia ubao. "Chai tuiache. Lakini hapa askari ndiyo hatua."

Nikampisha kwenye ubao.

"Mfalme ana joto, mpe dirisha apumue," akaendelea, akigonga kitambaa kwa kidole. "Ngome ukiiondoa hapa nani anamlinda? Hata mimi ningesogeza askari. Alicheza sawasawa, alikosea baadaye."

Nahodha akaweka chaki chini. "Hapo sasa mna kauli mbili. Dada, ulisema kosa ni askari. Mjibu mzee. Ukishindwa, hukulijua kosa lako."

Baba alinitazama akisubiri niseme ndiyo, baba. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limezoea njia. Meza ya kwanza ilikuwa umbali wa hatua nne kutoka nilipokuwa, kiti chake kimevutwa nje kidogo. Ningesema ndiyo, kiti kingekuwa cha wifi, na baba angerudi nyumbani akiwa sahihi kama siku zote.

Nikamsogeza askari. "Sawa, baba. Dirisha hili hapa." Nikamchukua askofu wa wifi, nikamla askari.

"Usimle huyo askofu. Mwache," baba akasema.

Nikamwacha. Nikamfanya askofu ale na askari wa pili. Mlango wote ukawa wazi.

"Basi mle."

Nikarudisha, nikamla, nikamleta malkia wa wifi. Baba akaegemea mbele. "Sasa isogeze ngome. Hiyo ngome yako."

Nikaisogeza. Nikaleta ngome ya wifi katikati, kisha nikaipeleka pembeni, mbele ya mfalme wangu. "Umechelewa hatua moja, baba. Ngome ilitakiwa itoke kabla."

"Farasi arudi."

Nikamrudisha farasi. Nikaonyesha. Akataja nyingine, nikaonyesha na hiyo. Sikupandisha sauti. Nilikuwa nazijua zote. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe. Watu walikuwa wameacha kucheka. Mwisho baba hakutaja kitu. Alisimama mbele ya kitambaa, miwani imeshuka puani, mkono umeinuliwa nusu kama anatafuta waya uliokatika.

Aliposema, alisema kwa sauti ya chini, mimi tu nikasikia. "Hii uliiona palepale mezani?"

"Niliiandika kabla sijakutazama, baba."

"Na zile za nyumbani? Tukicheza mimi na wewe. Nikikosea, ulikuwa unaona?"

Ningeweza kumhurumia. Lakini nilikuwa nimechoka na huruma hiyo, nilikuwa nimeibeba muda mrefu hata nikasahau kwamba ni mzigo.

"Nilikuwa naona."

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la saba."

Akaitikia kwa kichwa. Akavua miwani, akaikunja, akarudi kwenye kiti chake akaweka kofia gotini. Nahodha akatangaza kwamba meza ya kwanza ni yangu kwa msimu mzima na Mlango wa Uani unabaki. Watu wakapiga makofi, wifi kwa nguvu kuliko wote. Baba naye alipiga, lakini macho yake hayakuwa kwangu wala ubaoni. Midomo ilikuwa inachezacheza, na nikajua anafanya nini. Alikuwa anahesabu upya michezo yote aliyowahi kunishinda.